Kula Nje Ukiwa Mstaafu: Saa, Kiti, Sahani na Nani Analipa

Mtumishi wa umma anapostaafu, iwe kwa lazima akiwa na miaka 60 au kwa hiari kuanzia miaka 55, jambo linalobadilika bila yeye kuandikiwa barua ni mlo wa mchana. Kwa miaka thelathini na zaidi amekula karibu na kazini, kwa haraka, mahali alipopachagua kwa sababu ya umbali na si kwa sababu ya mapishi. Sasa anaamka akiwa hana sababu ya kuwa mjini saa saba mchana, na mkewe, aliyekwisha kuzoea kujipikia kidogo na kula kwa wakati wake, anamkuta mtu mzima ameketi sebuleni akisubiri kuandaliwa. Wengi wetu tulirudi kwenye vibanda vya supu kwa ajili hiyo kwanza, yaani kuipumzisha nyumba, na hamu ya supu ikafuata baadaye.

Nilistaafu ualimu hapa Tanga, na tangu wakati huo nimekuwa nikila nje mara moja kwa wiki pamoja na wenzangu wanne, mmoja wa bandari, mmoja wa reli na wawili walimu kama mimi. Maelekezo yafuatayo yametokana na meza hiyo. Mstaafu huhesabu kipato kilichopungua akasahau saa zilizoongezeka, na ukweli ni kwamba kwenye mgahawa saa hununua vitu ambavyo fedha haivinunui.

Saa ya kufika

Anza na supu. Sufuria la supu huinjikwa alfajiri, na wateja wa kwanza ni madereva na wapakia mizigo ambao wanaijua vizuri kuliko sisi. Kati ya saa moja na saa mbili asubuhi mchuzi bado ni ule wenyewe, mzito, wenye mafuta yaliyoelea juu ambayo unaweza kumwomba mpishi ayaengue pembeni. Baada ya saa tatu, vibanda vingi huongeza maji na chumvi ili sufuria liwafikie wote. Ukiona mama anamimina maji kutoka kwenye jagi na kukoroga bila kuonja, kunywa chai na chapati yako siku hiyo, supu isubiri wiki ijayo.

Kwa mlo wa mchana, fika kati ya saa sita kasorobo na saa sita na nusu. Ofisi, benki na maduka humwaga watu wao kuanzia saa saba, na hapo mama lishe hana tena nafasi ya kusikiliza ombi lolote. Ukitangulia, unapata wali wa juu ya sufuria kabla haujashindiliwa, mboga za majani ambazo bado ni za kijani, kipande cha samaki unachokichagua mwenyewe, na mpishi mwenye dakika mbili za kuzungumza nawe. Hizo dakika mbili ndizo zitakazokuwezesha kuomba chumvi ipunguzwe au ndizi zichemshwe zaidi.

Baada ya saa nane sishauri wali kwa mtu wa umri wetu. Vimelea vya aina fulani huvumilia mchemko, huamka katika wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi, na sumu wanayoitoa haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Kijana akiharisha siku moja hupona kwa kulala, lakini mzee huishiwa maji mwilini upesi, na isitoshe kiu yenyewe hupungua kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo hajui kwamba anahitaji kunywa. Ukichelewa, agiza kitu kinachopikwa mbele yako, kama vile samaki wa kuchoma au ndizi za kuchemsha.

Chakula cha jioni mahali pa nje nimekiacha, isipokuwa kwa sherehe. Kurudi gizani kuna mashimo na bodaboda, na tumbo la mzee likijazwa saa mbili usiku hulipiza kwa kiungulia saa saba. Jioni ambayo Simba na Yanga wanakutana usithubutu hata kukaribia mahali penye televisheni, labda kama wewe mwenyewe umekwenda kwa ajili ya mpira, na hapo tusidanganyane kwamba umekwenda kula.

Kiti na choo kabla ya bei

Vijana huanza kwa kutazama orodha ya vyakula. Mstaafu aanze na choo. Ingia, salimia, uliza maliwato yako wapi, nenda ukayaone kabla hujaketi. Wengi wetu wanaume tuna habari za tezi dume, na wengi, wake kwa waume, tunameza vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo, kwa hiyo si suala la kama utakwenda bali utakwenda mara ngapi. Angalia kama ni choo cha kuchuchumaa au cha kukaa, kama kuna kitu cha kushika wakati wa kuinuka, kama sakafu ina utelezi, na kama kuna ngazi njiani. Magoti yanayokupa shida kwenye daladala hayatakuwa na huruma nyuma ya jiko la mtu. Mgahawa wenye biriani nzuri na choo cha kushukia ngazi nane nimeuachia vijana.

Kisha tazama viti. Kiti cha plastiki chenye mikono kinafaa kuliko benchi, kwa kuwa mikono hiyo ndiyo utakayoisukuma wakati wa kuinuka. Hata hivyo, kiti hicho kikiwekwa juu ya vigae vilivyolowa, miguu yake hupanuka polepole bila wewe kuhisi. Hili nalisema kwa kujua. Mwaka wa pili wa kustaafu kwangu, katika mgahawa mmoja ambao sitautaja, niliegemea nyuma kumcheka mwenzangu wa bandari, miguu miwili ya nyuma ya kiti ikafunguka kama mkasi, nikajikuta chini na bakuli la mchuzi wa nazi kifuani. Mhudumu alikuja akikimbia, akaleta kiti kingine kama kile kile. Tangu siku hiyo huomba viti viwili vipachikwe kimoja juu ya kingine, na hakuna mahali nilipokataliwa. Meza iwe ya kutosha kuingiza magoti, na viti virefu vya kuning'iniza miguu kama kuku kwenye kichanja uviache kabisa.

Kuhusu kelele, keti mgongo ukiwa ukutani na spika ikiwa mbali, kwa sababu masikio yakishachoka kidogo, mtu husikia sauti zote kwa pamoja asielewe hata moja. Omba muziki upunguzwe, kwa upole na mapema. Saa sita kasorobo ombi hilo hukubaliwa, saa saba na nusu hapana.

Usafi huonekana kwa haraka kama unajua pa kutazama. Kuna ndoo yenye bomba na sabuni, au beseni moja ambalo kila mtu anachovya mkono? Sahani zinasuuzwa kwa maji yanayobadilishwa, au kwa maji yaliyogeuka kuwa supu? Wakati wa mvua nyingi, ambapo kipindupindu huweza kuzuka, acha kachumbari na juisi za mitaani, kula kilicho moto.

Sahani yenyewe

Wastaafu hupenda chakula wanachokijua, na sioni aibu katika hilo. Ila chakula tunachokijua kina mitego mitatu: chumvi, uhaba wa meno, na vidonge vilivyomo mfukoni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni karibu na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Ugumu ni kwamba ulimi wa mzee hauionji chumvi kama zamani, kwa hiyo mwenye presha ndiye anayenyoosha mkono kuchukua kichupa cha mezani. Kumwambia mpishi «usiweke chumvi nyingi» hakufai kitu ikiwa umeagiza supu, maharage au mchuzi, maana vimetiwa chumvi tangu asubuhi ndani ya sufuria la watu wote. Ombi hilo lina maana kwa chakula kinachopikwa kwa oda. Kwa sababu hiyo rafiki mkubwa wa mstaafu katika migahawa ya Tanzania ni mchemsho: samaki au kuku, viazi, ndizi, karoti na kitunguu katika maji yao wenyewe, ndimu na pilipili pembeni, chumvi ikiletwa kwenye kisahani ili ujipimie. Ni laini na una mchuzi, nao hauna mafuta ya kuzunguka kwenye karai tangu jana.

Mchemsho una kasoro moja, nayo ni kusubiri. Unaweza kuchukua dakika arobaini au hata saa nzima, na hapa ndipo vidonge vinapoingia. Mwenzetu wa reli ana kisukari na anatumia glibenklamaidi, dawa inayoshusha sukari iwe umekula au hujala. Siku moja alimeza kidonge chake nyumbani kama kawaida, akatembea hadi mezani, tukaagiza mchemsho wa kuku wa kienyeji. Baada ya muda tukaona jasho limemtoka katika kivuli, mikono inatetemeka, na anamwita mhudumu kwa jina la mtu aliyefariki. Mama wa jiko, Mungu ambariki, alielewa kabla yetu walimu, akafungua soda ya kawaida na kumnywesha, kisha akamletea kipande cha mkate. Alirudi katika hali yake ndani ya robo saa na kutuuliza kwa nini tunamkodolea macho. Daktari wake alimwelekeza baadaye kwamba siku za kula nje asimeze mpaka chakula kimewekwa mbele yake. Muulize daktari wako kuhusu dawa yako wewe, kwa kuwa hazifanani, na tembea na pipi mbili mfukoni.

Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asijipakulie kisamvu, mchicha na matembele kwa fujo siku ya kula nje ilhali nyumbani hali kabisa, kwani majani hayo yana vitamini K inayopingana na dawa. Kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika-badilika. Mwenye jongo ajihadhari na supu ya utumbo, maini na figo, hata kama wenzake wanamwita mwoga. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kabla ya kunywa madafu, ambayo yana potasiamu nyingi, jambo ambalo huku pwani husikika kama matusi kwa mnazi.

Kuhusu meno, samaki huchaguliwa kwa miba yake. Changu ni mtamu lakini anataka macho mazuri na subira, na mzee anayekula huku akizungumza ndiye anayepaliwa. Nguru na jodari hukatwa vipande vyenye mfupa mkubwa mmoja unaoonekana. Kwa walio kanda ya Ziwa, mnofu wa sangara unawafaa kuliko sato mzima. Nyama ya kuchoma iagizwe ya mbuzi mdogo, ikatwe vipande vidogo jikoni na si mezani, na asiyeiweza anywe supu yake bila kujitetea. Kuku wa kienyeji anahitaji taarifa. Mpigie mama simu jioni ya jana yake, mwambie mtafika saa sita mkiwa watano, aanze kumchemsha mapema. Simu hiyo pia huondoa lile tatizo la kusubiri.

Kiasi nacho kina lugha yake. «Wali nusu» ni jambo la kawaida kuagiza, na vilevile watu wawili kugawana sahani moja wakaomba sahani tupu ya pili. Kinachobaki kifungwe, kiliwe kabla ya jua kutua au kiwekwe kwenye friji mara tu unapofika nyumbani. Ukimaliza kula usiinuke kwa ghafla, kwa sababu baada ya mlo mzito presha ya mzee huweza kushuka na kumzungusha kichwa. Keti dakika kumi, maliza habari uliyoianza.

Nani analipa

Hapa ndipo meza nyingi za wastaafu zilipovunjikia. Kwetu aliyealika ndiye anayelipa, na kusema kila mtu ajilipie husikika kama kumkana ndugu. Sasa chukua mtu aliyepokea kiinua mgongo juzi. Kwa miezi mitatu ya kwanza kila anayemsalimia «Shikamoo mzee» ana njaa. Anaagiza sinia la nyama kwa watu asiowajua, kwa sababu kukataa kutaonekana ubahili, na kabla mwaka haujaisha mkupuo umeyeyuka, naye anabaki na pensheni ya mwezi na sifa ya ukarimu ambayo hawezi tena kuigharimia. Kama umestaafu juzi, kula nje kwa siri kidogo katika miezi hiyo, na ukialika, alika watu wawili unaowafahamu majina.

Kwa kundi la kudumu, njia iliyotufaa ni mchango wa mapema. Pensheni inapoingia, kila mmoja hutoa kiasi kilekile kwa mweka hazina, naye hulipa mezani kutoka mfuko mmoja. Hakuna anayefungua pochi mbele ya mhudumu, hakuna anayejifanya anakwenda maliwatoni bili inapokuja. Ukipanga kiasi, usianze na bei za mgahawa. Anza na pensheni yako baada ya kuondoa dawa, umeme, maji na ada ya mjukuu kama ipo, kisha uamue asilimia ambayo ikipotea hutagombana na mtu. Kwa mfano, anayebakiwa na shilingi 400,000 akitenga asilimia 5 ana shilingi 20,000 kwa mwezi, na kwa kibanda cha supu hizo si fedha za kudharauliwa. Mwezi ambao mwenzetu mmoja hana, hukaa mezani vilevile, na mweka hazina hatamki neno. Utaratibu huo hatukuuandika popote.

Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kubonyeza namba ya siri, na usimpe kijana simu akubonyezee. Katika mgahawa uliosajiliwa dai risiti ya mashine ya EFD, yaani ile ya kielektroniki ya kodi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, na mahali panapotozwa kodi hiyo uliza kabla ya kuagiza kama bei iliyoandikwa imeijumuisha.

Wasio na uwezo wa hata hayo wasijione wamefungiwa mlango. Zanzibar, ambako tangu mwaka 2016 wazee waliofikisha miaka 70 hulipwa pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, utawakuta wengi wao barazani na kikombe kidogo cha kahawa chungu, kama pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe, ambapo siasa na bao huliwa kuliko chakula. Muuza kahawa anamimina kutoka kwenye dele, kashata iko pembeni kwa wasio na kisukari, na mtu anakaa saa mbili kwa kikombe kimoja bila kuulizwa kama anataka kingine. Hiyo nayo ni kula nje. Kahawa hiyo inywe tu kabla ya alasiri, vinginevyo utahesabu mapaa usiku kucha.

Watoto wanapokualika

Ukienda Dar es Salaam, watoto watakupeleka kwenye jengo kubwa la maduka, penye ubaridi wa kiyoyozi na orodha ya vyakula inayofunguliwa kwa kupiga picha kimraba cha vinukta kwa simu. Beba koti jepesi na miwani ya kusomea. Omba orodha ya karatasi. Mara nyingi ipo mahali, hailetwi tu mpaka iulizwe. Kama haipo, mwambie mwanao, «Nisomee vya samaki tu, mwanangu,» kwa kuwa kusomewa orodha nzima huchosha msomaji na msomewaji. Usiulize bei kwa sauti, na usiseme kwamba kwa fedha hiyo Tanga tungekula watu kumi. Wanajua, na ndiyo maana wamekuleta. Chagua samaki wa kuchoma na viazi vya kuchemsha, omba mchuzi uletwe pembeni, na kabla hata ya kuketi muulize mhudumu maliwato yako upande gani.